Nguo Kuukuu na Sindano ya Arusha

Neno mtumba ni kongwe kuliko nguo tunazoziita mitumba leo. Zamani za misafara, mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa kwa kadiri ya mzigo wa mtu mmoja, ili mpagazi aweze kulichukua kichwani au begani tangu pwani mpaka bara. Nguo zilizokuwamo zilikuwa mpya. Baada ya miaka mingi neno lile lile likarudi vinywani mwa watu, lakini safari hii kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, zikabanwa katika belo na kushushwa bandarini kwetu. Furushi limebaki; kilichomo ndani kimegeuka.

Katika makala haya nataka kulifuata furushi hilo mpaka lilipofunguliwa katika nchi ya Mlima Meru, na kuuliza swali moja. Mtu anayefumua mishono ya nguo kuukuu akaikata na kuishona upya, je, afanya jambo la aibu, jambo la lazima, au jambo la ustadi? Swali si dogo. Serikali zimepata kutoa amri juu yake, viwanda vimefungwa huku likibishaniwa, na wako watu wengi Arusha ambao chakula cha leo jioni chatoka katika tundu la sindano hiyo.

Kabla ya nguo za pamba, Waarusha na Wameru walivaa ngozi. Kuikwangua ngozi, kuilainisha kwa mafuta na kuishona ilikuwa kazi kubwa, na mvaaji alijua vema mnyama aliyetoa vazi lake na mkono uliolitengeneza. Nguo ya pamba ilipofika haikuwa na habari hizo. Ilitoka mbali, imefumwa na watu wasiojulikana. Hata hivyo watu wa bara hawakuipokea kama ilivyo. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamasai katika 1883 na 1884, aeleza jinsi misafara ilivyotua Taveta kwanza ili kujitayarisha. Shanga zilitungwa upya kwa urefu uliotakiwa na Wamasai, na nguo zikashonwa kuwa naibere, yaani vazi la vita la morani: kipande kirefu cha nguo chenye utepe wa rangi nyingine katikati. Bila ya kazi hiyo biashara haikuenda. Basi tangu mwanzo kabisa, nguo ya kiwandani ilipokaribia milima hii ilikuwa bado malighafi, nayo ilingoja sindano ya mahali ili iwe vazi.

Mambo kama hayo yalikwisha kutendeka pwani. Baada ya mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said, uliofungwa 1833, wafanyabiashara wa Salem walileta Unguja nguo ngumu isiyotiwa rangi, nayo ikaitwa merikani, kwa jina la nchi ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vikaikata biashara hiyo, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake, lakini jina halikuondoka. Merikani ilikuwa vazi la mtumwa na la mtu wa chini. Wanawake waliichovya katika nili ikawa kaniki, nyeusi kwa buluu, na hivyo wakaipa uso mwingine. Karibu na mwisho wa karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso za kuchapwa zikiwa bado katika jora, wakazikata vipande na kuviunga, sita kwa pamoja, tatu juu na tatu chini. Ndiyo asili ya kanga. Vazi ambalo leo twalitaja kama alama ya utamaduni wetu lilizaliwa kwa kuunganisha vitambaa vya kupangusia pua. Wenye viwanda vya Ulaya waliona, wakaanza kuchapa kipande kizima kwa mfano wa kile kilichoungwa kwa mkono. Fundi alitangulia, kiwanda kikamfuata.

Na kanga yenyewe ina maisha yake, ambayo kila aliyelelewa nyumbani ayajua. Huanza ikiwa doti ya kutokea, ikavaliwa arusini na matangani. Ikififia huwa ya kushindia. Ikilainika huwa mbeleko, kisha nepi ya mtoto, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, na mwisho huwa dekio mlangoni. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo katika kitabu, wala hakuna mwanamke asiyeifuata.

Wajerumani walipojenga boma lao Arusha mwaka 1900, walileta kodi, na kodi ikaleta haja ya fedha. Fedha nayo ikaleta maduka. Wahindi walifungua maduka yao chini ya boma, na barazani mwa duka akaketi fundi na cherehani yake: mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho nje kwenda kupimwa. Mpango huo wa duka na baraza haujafa. Katika mitaa ya katikati ya Arusha bado waweza kumwona fundi ameketi kivulini mbele ya duka la vitambaa, mguu wake ukiendesha cherehani na sikio lake likisikiliza mashauri ya mteja. Baada ya vita vikuu yalikuja makabuti ya askari, mazito, ya rangi ya majani makavu. Pwani kabuti ni adhabu, lakini katika baridi ya Meru ni neema. Mzee aliyekaa barazani kwake mwezi wa Julai amejifunika kabuti hakujali lilikwenda vita gani.

Kuna habari moja ya nchi hii ambayo watu wengi wameisahau, nayo yafaa kutiwa hapa. Katika 1942 walianza kuletwa Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamechukuliwa kwao na serikali ya Kisovieti, wakatupwa Siberia na Asia ya Kati, kisha wakaachiliwa wapitie Uajemi. Walipofika bandari ya Pahlavi, nguo zao zilichomwa moto kwa hofu ya chawa na maradhi, wakapewa nguo za msaada. Idadi yao Tengeru ilifika karibu 5,000, wakakaa humo miaka kadhaa, na makaburi ya waliofia huko yapo mpaka leo. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja. Katika fikira za watu wa wakati ule, Mzungu alikuwa mtu avaaye nguo mpya, na Mwafrika mtu apewaye kuukuu. Lakini penye miteremko ya Meru waliishi Wazungu maelfu ambao walikwisha kuona nguo zao zikiteketea, wakasitiriwa na nguo za kupewa. Uhitaji hauna rangi.

Nguo kuukuu za ng'ambo zilipoanza kuuzwa kwa wingi, watu waliziita kafa Ulaya. Maana yake ni dhahiri: mwenyewe amekufa huko, nasi twavaa urithi wake. Ghana nao walizipa jina lenye maana hiyo hiyo, obroni wawu, Mzungu amekufa. Wazambia waliziita salaula, yaani kuchambua katika lundo, na Wanyarwanda wakachukua kitenzi chetu chagua, wakafanya caguwa. Majina haya yafaa kuangaliwa sana na mwanafunzi wa lugha. Mengine yatazama nguo ilikotoka, na yana huzuni na kejeli ndani yake. Mengine yatazama mkono wa mnunuzi unaochambua, na yana haki ya kuchagua ndani yake. Asingalikufa mtu, nguo nzima kama hii isingalitupwa: ndivyo walivyofikiri watu wa kafa Ulaya, maana hawakuweza kuamini kwamba mtu aliye hai aweza kuacha koti zima kwa kulichoka tu. Kosa lao lilikuwa kosa la watu wenye akili timamu.

Uhuru ulipopatikana 1961, mavazi yakawa jambo la taifa. Ilionekana kuwa si heshima kwa nchi ilimayo pamba kuvaa masazo ya wengine. Arusha, mji uliotoa jina lake kwa Azimio la tarehe 5 Februari 1967, ulipata viwanda vya nguo: Sunflag ilianza 1965, A to Z mwaka uliofuata, na kiwanda cha Kiltex nacho kikafanya kazi. Dar es Salaam kilifunguliwa cha Urafiki 1968. Shabaha ilikuwa njema, nayo yastahili kuheshimiwa hata na sisi tulioona mwisho wake.

Lakini miaka hiyo hiyo serikali ilitaka pia kuamua ni nguo ipi iliyo nguo. Mwishoni mwa 1967 na katika 1968 Mkoa wa Arusha uliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi, shuka na mafuta ya udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Aliyevaa shuka aliweza kukataliwa kupanda basi au kuingia mjini. Dar es Salaam nako Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza katika Oktoba 1968 vita juu ya sketi fupi na nywele za bandia. Huku mmoja aliambiwa amevaa kizamani mno, na kule mwingine akaambiwa amevaa kizungu mno. Tukikumbuka naibere ya Taveta, twaona lililosahauliwa: shuka lenyewe lilikuwa nguo ya biashara, iliyopokewa na kufanywa ya kwao na Wamasai. Hata viatu vyao vya katambuga hukatwa katika tairi za magari zilizokwisha kazi. Mtu aliyehesabiwa kuwa nyuma ya wakati alikuwa amevaa kiatu cha tairi na nguo ya kiwanda, vyote viwili amevigeuza kwa haja yake.

Kisha ikaja dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vikafuata 1978 na 1979. Mafuta yakapanda bei. Fedha za kigeni zikaadimika. Viwanda vilikosa vipuri na rangi. Katika miaka ya kwanza ya 1980 sabuni, khanga na kitambaa vilitafutwa kama dawa, na foleni ikawa shule ya subira. Waziri Mkuu Edward Sokoine, mzaliwa wa Monduli karibu na Arusha, aliongoza 1983 kampeni juu ya wahujumu uchumi na walanguzi, lakini kitambaa hakikuzaliwa kwa kukamatwa mlanguzi. Mama yangu alinisimulia kwamba wakati huo alishona foronya kwa magunia ya unga, na kwamba fundi wa mtaa wetu alipata kazi nyingi kuliko wakati wowote, ingawa dukani hamkuwa na jora hata moja. Aligeuza makoti ndani yakawa nje, akafumua ukosi uliochakaa akaushona kwa upande uliokuwa umefichwa, akakata suruali iliyoisha magotini ikawa kaptura ya mtoto. Ustadi wa namna hiyo nausifu, lakini siusifu wakati ulioulazimisha. Yuko mwandishi ambaye huona uzuri katika kila kiraka. Aliyevaa kiraka kwa kukosa nguo nyingine hana nafasi ya kuuona.

Mwaka 1984 serikali ililegeza biashara ya nchi za nje, na mitumba ikaingia kwa wingi. Hapo ndipo neno la misafara lilipofufuka. Mara nyingi husemwa kwamba mitumba iliua viwanda vyetu. Usemi huu una ukweli nusu. Viwanda vilikuwa taabani kabla belo la kwanza halijafunguliwa: umeme haukutosha, mashine zilichakaa, na fedha za kuleta vipuri hazikuwapo. Mitumba ilimkuta mgonjwa kitandani. Haikumtia ugonjwa, lakini ilimnyang'anya uji. Kiltex ya Arusha ilifungwa, na pamoja nayo ikapotea elimu ya wafumaji na wapiga rangi, watu ambao hawapatikani kwa kutangaza kazi gazetini.

Nilikuwa mtoto katika miaka hiyo. Siku moja mama alirudi kutoka sokoni na koti la kike la sufi, refu, la rangi ya damu ya mzee, lenye bitana ya hariri ya bandia. Alilipeleka kwa fundi wa Kaloleni. Fundi alilitandaza juu ya meza, akalipapasa kama daktari apapasavyo tumbo la mgonjwa, akaanza kufumua. Katika koti lile zilitoka nguo tatu: sketi ya dada yangu, kizibao changu cha kuvaa asubuhi za baridi, na blauzi ya bitana ambayo mama alikwenda nayo kanisani. Nilikivaa kizibao shuleni kwa majivuno mpaka mwenzangu mmoja alipokijua kitambaa, kwa kuwa aliliona koti likining'inia sokoni, akatangaza mbele ya darasa kwamba nimevaa mfu. Nilikivua nikakificha mfukoni, nikatetemeka kwa baridi siku nzima. Jioni mama aliniuliza kisa, nikamweleza. Hakunifariji kwa maneno mengi. Alisema, “Aliyekufa ni koti. Hiki ni kizibao.” Imenichukua miaka kuelewa kwamba sentensi hiyo ilikuwa na nadharia kamili ya jambo ninaloliandika sasa.

Hebu tuitazame kazi yenyewe, maana husifiwa bila kuelezwa. Nguo ya mtumba huja imekatwa kwa mwili wa mtu mwingine na kwa majira ya nchi nyingine. Kiangazi cha Ulaya ni Juni hadi Agosti. Wakati huo Meru imevaa mawingu na watu wa Arusha watafuta sweta. Joto letu huja Desemba hadi Februari, wakati Ulaya ina theluji. Tena mwili wa aliyeivaa kwanza hauwi mwili wa ajaye kuivaa pili. Kwa hiyo fundi ana kazi mbili: kubadili umbo na kubadili majira. Shati kubwa la kiume la pamba hukatwa mikono, likabanwa kiuno, likawa gauni la msichana la siku za joto. Shuka la kitanda lenye maua, au pazia jepesi, huwa magauni mawili ya watoto kwa Krismasi. Suruali ndefu huwa kaptura, na mabaki ya miguu yake huwa mifuko. Sweta lililotoboka hufumuliwa, uzi ukaoshwa na kunyoshwa, likafumwa jingine. Fundi mwema huanza kwa kutafuta mahali pasipochakaa: chini ya ukosi, ndani ya pindo, nyuma ya mfuko. Hapo ndipo nguo imeweka akiba yake. Kisha huipanga ruwaza kwa kuzunguka madoa na matundu, jambo gumu kuliko kukata katika jora jipya, kwa kuwa jora halina historia ya kukwepwa.

Ukitaka kuiona biashara hii nenda Kilombero mjini, au soko la Tengeru siku ya Jumatano na Jumamosi. Utaona milundo juu ya turubai, wachaguzi wameinama, na hatua chache pembeni cherehani zimepangwa. Mnunuzi huvaa nguo juu ya nguo, hugeuka, kisha humpelekea fundi papo hapo. Watu wasiojua humwita fundi huyu mpunguzaji, kana kwamba kazi yake ni kuondoa tu.

Katika Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha hii hii, wakakubaliana kukuza viwanda vya nguo na ngozi na kukomesha uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika katika muda wa miaka mitatu. Mwaka ule ushuru ulipandishwa. Rwanda iliuongeza kutoka senti 20 za dola ya Marekani mpaka dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka mashtaka kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilishika neno lake, na katika Julai 2018 ikaondolewa nafuu ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Hapo ilidhihirika kwamba nguo tunayopewa kama zawadi ina mwenyewe anayeidai. Nchi iliyosema haitaki kuvaa masazo iliadhibiwa kwa kuyakataa. Katika jambo hilo heshima waliyoitaka waasisi wetu haikuwa ndoto ya kipuuzi.

Siku hizi limezuka neno jipya, mavazi endelevu, nalo lasifu kugeuza nguo kuukuu kuwa mpya ili dunia isijae taka. Nalikubali neno hilo, ila nina mashaka mawili. La kwanza ni juu ya kitambaa. Nguo nyingi zinazoshuka sasa zimefumwa kwa nyuzi za plastiki, nyembamba, zimeshonwa ili zivaliwe miezi michache. Koti la mama lilikuwa na nguo tatu ndani yake. Fulana ya leo pengine haina hata moja. Isiyofaa hutupwa, na haiozi. Furushi likileta visivyogeuzika, basi tumefanywa jaa, na ustadi wa fundi hauna pa kushika. La pili ni juu ya jina. Anayefanya kazi hii katika miji mikubwa ya Ulaya huitwa msanii, na nguo yake hutiwa alama na bei. Anayeifanya Kaloleni huitwa mpunguzaji, hana mwanafunzi wa kumrithi, na vijana wamwona kama masalio ya shida. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wasema wahenga. Na hata wazo kongwe lapendeza likija na jina jipya kutoka mbali.

Nirudi kwenye swali. Kugeuza nguo kuukuu hakukuwa aibu, ila walikuwapo waliotaka tuone aibu. Mara nyingi kulikuwa lazima, na lazima hiyo haifai kupambwa. Lakini tangu naibere ya Taveta, kaniki na leso za Unguja, mpaka meza ya fundi wa Kaloleni, kulikuwa pia ustadi, na ustadi huo ni sehemu ya historia yetu ya ufundi kama ilivyo ufinyanzi na uhunzi. Chuo kinachofundisha historia ya viwanda vya Arusha bila kumtaja fundi wa barazani chafundisha nusu ya habari. Waliopo sasa ni wazee. Yafaa mtu aende akakae nao akiwa na daftari, aandike jinsi wanavyopapasa kitambaa, kabla cherehani zao nazo hazijafungwa katika furushi.